Barua za Wasomaji: Wageni Wanapanda Milimani, Fedha Zinaishia Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka milima ya Usambara, Tanzania: Soni, Lushoto, Mlalo, Mtae na Amani, na moja imevuka mpaka kutoka Taita, Kenya. Waandishi wake ni watu wa vikundi, wenye nyumba zinazopokea wageni na viongozi wa vijiji. Utalii wa kitamaduni ulipoanza kupangwa nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Kwa hiyo maswali haya si ya watu wanaoanza leo. Tumezifupisha barua, majina hatukuyaandika.

Kijiji hakijapata kitu, na sisi hatujaiba

*Ndugu wahariri, salaam. Kikundi chetu cha vijana kinapeleka wageni matembezi ya siku moja kuanzia Soni. Tunatoza 60,000 kwa kila mgeni. Tulikubaliana na kijiji kwamba asilimia 20 ya faida iende kwao. Msimu mzima umepita bila kijiji kupata shilingi, na mkutanoni tumeitwa wezi. Tumekosea wapi? (Soni)*

Ndugu zetu, makubaliano yenyewe ndiyo yaliyowaponza. Faida hujulikana mwisho, baada ya kila mtu kulipwa, na mwisho mara nyingi huwa mtupu. Badilisheni: kijiji kipate kiasi maalumu kwa kila mgeni, kiingie kwenye gharama kama chakula kinavyoingia, kilipwe mgeni anapofika na si msimu unapokwisha.

Halafu bei yenu. Chukueni hesabu hii kama mfano, mweke takwimu zenu. Gharama za kundi zima, wawe wageni wawili au wanne: mwongozaji 40,000, gari la kuwarudisha 60,000. Jumla 100,000. Wakifika watano au sita mnaongeza msaidizi wa 25,000. Gharama za kila mgeni: chakula 12,000, maji na matunda 3,000, ada ya kijiji 8,000, mfuko wa kutengeneza njia 2,000. Jumla 25,000.

Wakija wageni wanne, kila mmoja anagharimu 50,000, na kwa bei ya 60,000 mnabaki na 40,000. Wakija wawili, kila mmoja anagharimu 75,000. Mmepokea 120,000, mmetumia 150,000. Zile 30,000 zilizopungua zinatoka wapi? Mwongozaji hakubali kukatwa, dereva hakubali, mama mpishi ameshanunua mchele. Anayekatwa ni asiyekuwepo: kijiji na njia. Hakuna aliyeiba, lakini kila kundi la watu wawili lilikuwa linakula pesa ya kijiji.

Dawa ni bei ya ngazi. Ongezeni asilimia 15 ya uendeshaji juu ya gharama: wageni wawili 86,250 kila mmoja, wanne 57,500, sita kama 53,000. Mgeni akiuliza kwa nini wawili wanalipa zaidi, mwonyesheni karatasi ya hesabu. Wengi wakishaona gari limegawanywa kwa mbili hawabishi tena. Ada ya kuingia hifadhi za msitu zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), Magamba kwa mfano, msiichanganye humo. Hiyo hulipwa Serikalini kwa namba ya malipo (control number), na mgeni apewe stakabadhi yake mkononi.

Jambo la kisheria ambalo vikundi vingi hulipita. Kikundi kinaweza kuweka ada ya kijiji ndani ya bei yake kwa makubaliano ya maandishi na Halmashauri ya Kijiji, yakasomwa kwenye mkutano mkuu na kuingia kwenye muhtasari. Lakini kijiji kikitaka kumtoza kila mgeni anayepita, hata asiyekuja kupitia kwenu, hapo inahitajika sheria ndogo: ipendekezwe na Halmashauri ya Kijiji, ijadiliwe mkutanoni, ipelekwe Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kijana kukaa na kamba njiani kudai 5,000 bila sheria ndogo ni kutafuta kesi, na mgeni mmoja aliyekasirika ataisimulia dunia nzima.

Fedha zenyewe ziende akaunti ya kijiji moja kwa moja, benki au kwa simu, zisipitie mfukoni mwa mwenyekiti wa kikundi. Kitabu cha wageni kiwe na safu ya tarehe, idadi ya wageni, kiasi na namba ya stakabadhi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Wiki moja kabla yake bandikeni ukurasa wa robo hiyo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Watu wakikuta idadi ya wageni na jumla ya fedha ukutani, mjadala wa mkutano unahamia kwenye matumizi, na huko ndiko unakotakiwa.

Mwisho, kama mnatangaza safari na kupokea malipo kwa jina la kikundi, usajili wa kikundi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii hautoshi. Sheria ya Utalii ya 2008 inataka leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA. Ulizeni daraja la utalii wa kitamaduni kabla ya kulipia daraja lisilowahusu.

Wakala anataka asilimia 20

*Habari za kazi. Kampuni moja ya mjini iko tayari kutuletea wageni, ila inataka asilimia 20, na kutulipa siku 60 baada ya safari. Tukubali? (Lushoto)*

Asilimia 20 si kitu cha ajabu. Mitandao ya kuweka nafasi nayo mara nyingi hukata 15 na kuendelea. Kosa liko kwenye namna ya kuiongeza. Tuseme bei yenu ni 57,500. Wengi huongeza asilimia 20 juu yake, wanapata 69,000, wanaona mambo sawa. Wakala naye anakata asilimia 20 ya 69,000, yaani 13,800, nanyi mnapokea 55,200. Mmepungukiwa 2,300 kwa kila kichwa. Njia sahihi ni kugawanya: 57,500 kwa 0.8, mnapata 71,875. Hiyo ndiyo bei ya kumpa wakala. Na mgeni anayekuja mwenyewe ofisini kwenu naye aone bei hiyohiyo, au iliyo karibu nayo sana, la sivyo wakala ataacha kuwauza siku atakapogundua.

Siku 60 kataeni. Nyanya na mkaa hamkopeshwi siku 60. Dai nusu nafasi inapothibitishwa na nusu wageni wanapofika, kwenye akaunti ya kikundi. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, mradi useme: idadi ya juu ya wageni kwa kundi, kilichomo na kisichomo kwenye bei, nani analipa ada za hifadhi, na safari ikivunjwa nini kinarudishwa. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: ikivunjwa siku 14 au zaidi kabla, fedha zote zinarudi, chini ya hapo, nusu, ndani ya siku tatu hakuna kurudisha, kwa sababu mwongozaji ameshakataa kazi nyingine.

Njia imegeuka mfereji

*Ndugu wahariri, njia yetu ya kwenda kwenye ukingo wa mlima imechimbika hadi magotini. Wageni wanatembea pembeni, kwenye mashamba ya watu, na wenye mashamba wamekuwa wakali. Tulijaza mawe mara mbili, mvua ikayabeba. (Mtae)*

Mawe hayatashinda maji yanayoshuka kwa kasi. Kwanza yaondoeni maji njiani, ukarabati uje baadaye.

Anzeni kwa kupima mwinuko. Wazee wengi wa Lushoto wanaijua fremu ya A tangu mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP wa miaka ya 1980: miti miwili ya mita mbili hivi imefungwa juu, mti mmoja wa kukingama, na kamba yenye jiwe inayoning'inia katikati. Miguu ikiwa mita mbili kutoka mmoja hadi mwingine, wekeni kipande cha gogo cha sentimita 20 chini ya mguu ulio upande wa kushuka. Kamba ikikaa katikati, hapo mwinuko ni asilimia 10. Njia ya miguu isizidi hapo kwa muda mrefu. Vipande vifupi vya asilimia 15 vinavumilika kama kuna mawe asilia, lakini kwenye udongo mwekundu mtupu havidumu masika mbili.

Kanuni ya pili: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe pale inapopita. Ukizidi, maji hayavuki njia kwenda chini, yanaigeuza kuwa mto. Njia zilizochongwa na mbuzi na watoto wa shule zinazopanda moja kwa moja hazitengenezeki. Zifungeni kwa matawi na kupanda majani, mchonge mpya inayozunguka.

Pale msipoweza kuhamisha njia, wekeni makinga maji. Gogo la kipenyo cha sentimita 15 lizikwe hadi theluthi mbili, likate njia kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, lipite kingo zote mbili kwa sentimita 30. Mwinuko wa asilimia 10, weka moja kila mita 20. Asilimia 15 hadi 20, kila mita 10. Makosa tunayoyaona mara nyingi ni mawili. Moja, gogo linalazwa moja kwa moja kukatiza njia, kwa hiyo maji yanasimama, yanaacha matope, na mvua ya tatu inapita juu yake. La pili ni baya zaidi kwa ujirani: maji yanatolewa kwenye shamba la maharage la mtu. Mdomo wa kila kinga maji uishie kwenye mawe au majani. Majani ya Guatemala, yale yanayopandwa kwenye kingo za makinga, yanashika vizuri, na mwenye shamba anayakatia ng'ombe.

Upana wa sentimita 60 hadi 90 unatosha. Mkipanua, wageni wanatembea wawiliwawili na bodaboda zinaanza kupita.

Kazi ya kuzibua ifanyike mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, na ilipwe kutoka mfuko wa njia. Msiiweke kuwa ya kujitolea. Msaragambo ni mzuri kwa barabara ya watu wote. Kwa njia ya wageni wanaolipa, wananchi wana haki ya kuuliza kwa nini wao wachimbe bure. Na Aprili hadi katikati ya Mei ifungeni kabisa njia ya mteremko mkali. Kundi moja linalopita kwenye udongo uliolowa huharibu kuliko makundi mengi ya Januari.

Nyumba yangu ipokee wageni

*Shikamooni. Mimi ni mama wa nyumba, watoto wameondoka, nina vyumba viwili vitupu. Kikundi kimesema nipokee wageni, lakini kwanza "nifikie viwango". Viwango gani? Sina fedha za marumaru. (Mlalo)*

Marahaba, mama. Marumaru weka pembeni kabisa, hakuna mgeni anayekuja Mlalo kwa ajili ya marumaru. Vinavyowafanya wasirudi ni vitatu: choo, tumbo na baridi.

Choo cha shimo kinatosha kama kimejengwa sawasawa. Kiwe mbali na chemchemi au kisima kwa mita 30 angalau, na kiwe upande wa chini, jambo ambalo huko kwenye miteremko halina mjadala. Kitako cha shimo kisikaribie maji ya ardhini, acha mita mbili za udongo mkavu. Kinachoondoa harufu na nzi ni bomba la hewa: PVC ya inchi nne au zaidi, iliyonyooka bila kona, imalizike nusu mita juu ya paa, na juu yake wavu wa mbu uliofungwa barabara. Ndani kuwe na kigiza. Nzi hufuata mwanga, ataona mwanga wa bomba, atapanda, atakwama kwenye wavu na kufia humo. Mafundi wengi huharibu hapa hapa: wanaweka bati la kioo ili choo kiwe na mwanga, nzi wanarudi kwenye mlango, halafu bomba linalaumiwa. Wavu wa chuma cha kawaida unaliwa na gesi ya shimo. Tafuta wa nailoni nzito au wa chuma kisichoshika kutu, na ukague kila mwaka. Nje ya mlango kuwe na ndoo yenye koki, sabuni, na ndani taa ndogo ya sola.

Fedha za choo zinaweza kutoka kwenye mkopo usio na riba wa Halmashauri ya Wilaya, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ila unatolewa kwa vikundi, kwa hiyo ungana na akina mama wengine wenye nyumba na muombe pamoja.

Maji ya kunywa yachemke kwa kutokota dakika tatu, maana juu milimani maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Kama unatumia vidonge vya klorini, vingi kimoja ni cha ndoo ya lita 20, usome pakiti, usubiri nusu saa. Maji ya masika yenye matope chuja kwa kitambaa kwanza, la sivyo dawa inaishia kwenye matope. Kachumbari na matunda yaoshwe kwa maji hayo hayo. Wageni wengi hawaharishwi na nyama, wanaharishwa na kachumbari. Na msiwapikie chipsi. Makande, ndizi za maharage, mboga ya mnavu, plamu na peasi za msimu ndivyo walivyovifuata, na pia ndivyo vinavyonunuliwa kwa jirani yako badala ya dukani mjini.

Baridi. Juni hadi Agosti wape mablanketi mawili mazito kila kitanda na lita 10 za maji ya moto jioni. Mgeni akiomba jiko la mkaa chumbani, kataa, hata akibembeleza. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu waliolala, na hauna harufu ya kukuamsha. Jiko liwashwe nje, likishazimika kabisa ndipo lihifadhiwe.

Chumba kiwe na kitasa cha ndani na funguo, chandarua kisicho na tundu, na ndoo ya taka yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na marufuku hiyo inamhusu mgeni pia. Chupa za maji, betri na vifungashio arudi navyo Lushoto mjini. Msichome nyuma ya nyumba.

Jambo moja usilikubali: kikundi kumpa mwenye nyumba nzuri wageni wote. Iwepo orodha ya zamu ubaoni, nyumba kwa nyumba, na asiyekuwa tayari siku hiyo arukwe bila kupoteza nafasi yake ya mzunguko unaofuata.

Watoto, pipi na kamera

*Je, tuwaruhusu wageni kutembelea shule? Wanapenda sana. (Soni)*

Wanapenda sana, ndiyo shida. Saa za masomo, hapana. Baada ya masomo, kwa barua kwa mwalimu mkuu, mara chache kwa muhula, inawezekana. Picha ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi, na mwongozaji ndiye wa kusema hivyo kabla hawajashuka kwenye gari. Kalamu, madaftari na fedha zipokewe na kamati ya shule kwa stakabadhi. Pipi zisigawiwe kabisa. Njia ambayo wageni wamegawa pipi miezi sita, mwezi wa saba watoto hawaendi shule, wanakaa njiani.

Vinyonga na maua

*Tunaongoza matembezi ya usiku kuangalia vinyonga. Wageni wanataka kuwashika, na mmoja aliomba tumkatie mche wa ua. (Amani)*

Kundi lisizidi watu sita. Kinyonga aangaliwe alipo: msikate tawi, msimpokezane mikononi, mwanga usimkae usoni zaidi ya dakika moja au mbili. Usiku ndio amelala. Akiamshwa na kuhamishwa huanguka mahali asipopajua, na kesho yake mtamkosa, maana wale mnaowazoea kwenye njia ndio walewale.

Kuna jambo ambalo waongozaji hawalifikirii: simu. Picha iliyowekwa mtandaoni ikiwa na alama ya mahali inampa mfanyabiashara wa wanyama ramani ya bure. Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini wanunuzi hawakufa. Zimeni alama ya mahali, waombeni wageni nao wazime, mwandike "Usambara" basi.

Mche, hapana. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, haimruhusu mwongozaji kutoa hata jani. Tena mnajua historia: ua la urujuani la Usambara lilichukuliwa na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, likapelekwa Ujerumani mwaka 1892, leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, na milima hii haikuambulia kitu. Hiyo hadithi mwambieni mgeni palepale anapoomba mche.

Tujenge loji kwanza?

*Sisi ni kikundi huku Wundanyi. Tuna mfadhili anayetaka kutujengea loji ya vyumba sita karibu na msitu. Wenzetu wanasema tungoje. (Taita, Kenya)*

Wenzenu wana hoja. Milima yenu ni ndugu wa Usambara, mlolongo mmoja wa Tao la Mashariki, na mtaji wenu ni uleule: vipande vidogo vya msitu kama Ngangao, vyenye ndege kama apalisi wa Taita asiyepatikana kwingine. Anayekuja kumwona ndege huyo anahitaji mwongozaji anayejua sauti yake alfajiri. Loji hata asipoipata atalala Wundanyi mjini.

Pigeni hesabu ya loji. Tuseme mlinzi, wapishi, umeme, matengenezo na mtu wa mapokezi ni KSh 300,000 kwa mwezi, wageni wawepo wasiwepo. Chumba ni KSh 5,000, na gharama za moja kwa moja kwa usiku, chakula na ufuaji, ni 2,000. Kila usiku wa chumba unawaachia 3,000. Mnahitaji kuuza usiku 100 wa chumba kwa mwezi, kati ya 180 mlizo nazo. Ni zaidi ya nusu, kila mwezi, Aprili na Mei zikiwemo. Mfadhili hulipia kuta, halipii miezi hiyo.

Zipo loji za jamii zilizosimama, Il Ngwesi kule Laikipia tangu 1996 ni mfano unaotajwa sana, lakini pale kuna ardhi kubwa, wanyama wakubwa na washirika wa miaka mingi. Mfano wenu wa karibu ni Gazi, Kwale: akina mama wenye daraja la mbao ndani ya mikoko, ada ndogo ya kuingia, na chakula cha kuagiza. Mwombeni mfadhili abadilishe mpango: mafunzo ya waongozaji wanane, darubini, njia mbili zilizochongwa vizuri, vyoo viwili, na akiba ya mwaka mmoja ya mishahara. Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na mzungumze na chama cha jamii cha uhifadhi wa msitu pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) kabla ya kukata hata kijiti. Loji ijadiliwe pale nyumba za kulala wageni za mjini zitakapokuwa zinawakatalia watu wenu kwa kujaa.

Wageni wangapi wanatosha?

*Mimi ni mtendaji wa kijiji. Wageni wameongezeka na mkutano unataka tuweke kikomo. Tutaipataje namba bila kubahatisha? (Tarafa ya Mlalo)*

Ndugu Mtendaji, tafuta kitu kinachokwisha kwanza. Vijiji vingi vya huko ni maji, kabla ya njia.

Nenda kwenye bomba kuu mwezi ambao maji ni haba kuliko yote, na usipime wakati wa mvua. Weka ndoo ya lita 20, shika saa. Tuseme inajaa kwa sekunde 100. Hiyo ni lita 720 kwa saa, na kwa saa 10 za kuchota ni lita 7,200. Wananchi 300 wanaotegemea bomba hilo, kwa lita 20 kila mmoja, wanachukua 6,000. Zinabaki 1,200. Usizitoe zote, acha nusu kwa ajili ya mifugo, misiba na bomba kukatika. Mgeni anayelala hutumia kama lita 40 kwa kuoga, kupikiwa, kufuliwa na choo. Lita 600 kwa 40, wageni 15 kwa usiku. Hicho ndicho kikomo chenu cha kiangazi. Masika kinaweza kupanda, lakini msitangaze namba mbili. Wakala atakumbuka ile kubwa.

Kwa wageni wa mchana tu, angalia njia na choo cha kituo cha mwisho. Makundi ya watu sita na mwongozaji, yanayoachana nusu saa kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, ni makundi saba, watu 42. Kama kule juu kuna choo kimoja, kata namba hiyo nusu hadi cha pili kijengwe.

Namba ikishapita mkutanoni, mtu mmoja tu awe na daftari la nafasi na simu ya kuthibitisha. Kikomo kinavunjika pale waongozaji watatu wanapopokea wageni kwa simu tatu bila kuambiana. Siku iliyojaa, mwenye daftari awe na namba ya mwenye daftari wa kijiji cha jirani, awapeleke huko na ada ya kijiji ilipwe huko. Na ndoo irudishwe bombani kila kiangazi, kwa sababu watu wanaongezeka na chemchemi zinapungua. Mwaka ambao itajaa kwa sekunde 120, bomba litatoa lita 6,000 tu, zote za wananchi, na wageni wa kulala watangojea vuli.